Nimenunua gemu kwa hela yangu, ekspansheni imetoka nimefungiwa hadi nilichokuwa nacheza. Hii ni haki?

PediMbovu

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikereketa tangu juzi, naombeni mnisaidie, na kama mjinga ni mimi niambieni tu sitanuna.

Iko hivi. Sisi tuko wanne, tulisoma wote sekondari, sasa hivi kila mtu na kwake, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, mmoja Tanga, mimi nipo Dar. Kinachotukutanisha ni gemu moja ya kushuti ya onlaini, jina siliweki maana sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki. Kila Jumamosi saa tatu usiku tunaingia, hedseti masikioni, tunapiga stori za wiki nzima huku tunashuti, hadi wake zetu wameshazoea, muda huo hatupatikani hata nyumba iungue. Gemu nilinunua kwa bei kamili mwaka juzi, kama laki na nusu kwa hela yetu, nilidunduliza miezi miwili ndo nikaipata.

Sasa imetoka ekspansheni, yaani nyongeza ya gemu inayouzwa kando, laki na ushee. Wa Mwanza na wa Dodoma wamenunua siku ileile. Mimi na wa Tanga tukasema hapana, mwezi huu wa ada, tutanunua baadae. Kichwani nikajua wao watakuwa na vipya sisi tutabaki na vya zamani, na hapo sina neno kabisa, aliyelipa ale.

Kumbe wapi. Jumamosi nawasha, inadai apdeti giga 48. Nimenunua bando la kuishushia, nimelala imewaka usiku kucha. Asubuhi naingia, ile mishen ngumu ya wiki tuliyokuwa tunaipiga kila Jumamosi, ileile, ukumbi uleule, bosi yuleyule na rungu lake, ina kufuli. Wamepandisha levo inayotakiwa, na levo hiyo huifiki bila kununua ekspansheni. Yaani kitu nilichocheza wiki iliyopita leo naambiwa nikilipie. Na kinachoniua zaidi, zile giga 48 ndani yake ndo mna ekspansheni yenyewe! Naiona kwenye menyu, mapu ipo, picha zipo, ukibonyeza unapelekwa dukani. Yaani bando langu limebeba mzigo mpaka chumbani kwangu halafu naambiwa nisiuguse.

Swali langu: wauze vipya sawa, ila kufunga cha zamani nilichokwisha kulipia, hiyo ni biashara au ni nini?

Mangi wa Seva

Pole mkuu ila nami nikuambie ukweli. Hakuna aliyekushikia panga. Laki na nusu miaka miwili, hebu piga hesabu, kwenye kibanda cha PS mechi moja ni jero, laki na nusu ni mechi 300 tu, wewe umeshacheza ngapi? Elfu? Seva zinakula umeme, kuna watu wanalipwa mshahara kila mwezi kuziangalia zisianguke, na wewe ulilipa mara moja tu mwaka juzi. Hiyo hela ilishaisha zamani. Anayelipa sasa ndo anayekuwekea taa, halafu unataka akae sawa na wewe.

PediMbovu

Mangi umesoma nilichoandika? Sijasema nataka vipya. Nasema warudishe changu.

chizi_wa_ranki

Uza pedi ya gemu ununue kuku wa kienyeji, kuku hana ekspansheni 😂😂

Msee wa Rongai

Sasa wasee wa TZ. Hii kitu yako bro si ngeni, ilishatokea na ikaleta kelele hadi walioifanya wakarudi nyuma, wacha niwape stori.

Destiny 2 ilitoka September 2017. Ikafika tarehe 5 December mwaka huohuo, gemu haijamaliza hata miezi mitatu sokoni, wakatoa ekspansheni inaitwa Curse of Osiris, dola 20. Kulikuwa na reidi, yaani mishen kubwa ya kupiga kikundi, jina Leviathan, yenye modi ngumu inaitwa Prestige, na hiyo ilikuwa ndani ya gemu ya kawaida, kila msee aliyenunua angeweza kuicheza. Siku ekspansheni imetoka, nguvu inayotakiwa kwa hiyo modi ikapanda hadi 330. Na kama hujanunua ekspansheni mwisho wako ni 305. Maliza hesabu mwenyewe. Na mbaya zaidi kulikuwa na trofi ya kumaliza vitu vya Prestige, hiyo trofi ni ya gemu ya kawaida si ya ekspansheni, kwa hivyo wasee wa kukusanya trofi wakajikuta wamefungiwa nje ya kitu chenye walilipia mwezi wa tisa.

Kelele zilikuwa noma. Ndani ya wiki hiyohiyo Bungie, wenyewe walioitengeneza, wakatoka wakakubali wamekosea, reidi ya Prestige wakairudisha 300, na trofi wakasema zitapatikana kwa kila mtu mwenye gemu ya kawaida. Point yangu ni hii: wenyewe walioitengeneza walikubali haikuwa sawa. Hawakusema ati seva zinakula umeme. So Mangi usitake kumfanya PediMbovu aonekane ni mlalamishi tu.

Mangi wa Seva

Walirudisha sababu ya kelele, siyo sababu ya haki. Kukubali kosa ili wateja wasikimbie ni biashara vilevile.

Msee wa Rongai

Sawa, basi tupige kelele.

levo90_dada

Jamani niingie, mimi ni mtu wa gemu za kulipia kila mwezi, nimekaa humo miaka, na naona mnachanganya vitu viwili.

World of Warcraft ina ekspansheni tangu Januari 2007, na kila moja ikija, kipya ni cha aliyelipa, hakuna aliyewahi kushangaa. Unajua unaingia kwenye mkataba gani. Na toka 2018 ukilipa ile ada ya mwezi unapewa ekspansheni zote za nyuma, unanunua ya karibuni tu. Final Fantasy 14 ndo imezidi, jaribio la bure linakupeleka hadi levo 70 na ekspansheni mbili nzima ndani yake, hulipi hata shilingi, kuna watu wanacheza humo mwaka mzima na hawajaona mwisho. Kwa hiyo siyo kwamba ekspansheni ni dhambi.

Ila kuna kufuli la pili ambalo hamlisemi, na mimi kwangu ndo baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwenye WoW ile ekspansheni ya kwanza ilipandisha levo kutoka 60 hadi 70. Watu walikuwa wamekesha miezi, watu 40 ndani ya reidi moja, wanatafuta zile nguo na silaha za mwisho za levo 60. Ikatoka mpya, ukaingia kule upande wa pili, vitu unavyookota njiani kwenye mishen za kawaida kabisa vinakaribia vile ulivyokesha navyo, na baada ya levo chache vinavipita. Reidi za zamani hakuna aliyezifunga. Milango wazi. Ila utaingia na nani? Watu wote wamehama. Hiyo ni kama mtaa uliohamiwa kote, nyumba yako haijabomolewa ila duka hakuna, daladala haipiti tena, jirani hayupo.

Na kusema eti haiwezekani kufanya tofauti ni uongo. Guild Wars 2 imetoka 2012, levo ya mwisho ni 80, wametoa ekspansheni nyingi tu na levo ya mwisho bado ni 80. Kipya wanachouza ni sehemu mpya na ujuzi mpya, siyo ngazi ndefu zaidi. Nguo uliyotoka nayo jasho miaka kumi nyuma bado inavaliwa. Kwa hiyo kupandisha ngazi ni uamuzi wa mtu ofisini.

PediMbovu wewe umepigwa makufuli yote mawili kwa mkupuo, pole sana mdogo wangu.

PediMbovu

Asante dada. Hilo la mtaa kuhamwa limenigusa, maana wa Mwanza jana kaniambia "kwani huku zamani tunabaki kufanya nini tena" akacheka. Sikucheka.

Bin Forodhani

Asalaam alaykum. Mie nataka niseme la kwetu sisi wa pwani hii na bara zima la Afrika, maana mnazungumza kama kwamba sote tupo Ulaya.

Wa zamani mtakumbuka Battlefield 4, ile ya 2013. Gemu dola 60, halafu kuna Premium dola 50 juu yake, ndani mna ekspansheni 5 za mapu, yaani viwanja vya kupigania. Ukinunua unaingia kwenye foleni ya mapu mpya, usiponunua seva ikifika zamu ya mapu hiyo unatolewa nje. Sasa kwa mtu aliye Frankfurt hili halina shida kubwa, watu wapo tele pande zote mbili, wa Premium watajaza seva zao na wasio na Premium watajaza zao. Sisi huku tuliopo ni kidogo tangu mwanzo. Ukiwagawa mara mbili hapatikani mtu pande zote.

Mie yalinikuta hayo, kwenye gemu nyengine, siitaji. Nilijikaza nikanunua pakti ya mapu, nikasema leo na mie. Nikaingia kutafuta mechi. Nikangoja dakika tano, kumi, nikaenda kuchukua urojo pale nje, narudi bado inazunguka. Ilipokuja kunipata seva ilikuwa mbali huko sijui wapi, pingi mia tatu na kitu, nikimpiga mtu risasi inafika keshazikwa. Nikarudi mapu za zamani, huko angalau watu walikuwepo. Kwa hiyo mie nililipa ili nikae peke yangu kwenye nyumba kubwa. Aliyelipa kaumia, asiyelipa kaumia, sasa nani kafaidi?

Na wao wenyewe walikuja kuliona. Mwaka 2016 wakaachia ekspansheni zote za Battlefield 4 bure kwa muda mfupi, ukiwahi ukazichukua ni zako. Kwenye Battlefield 1, mwaka 2017, wakaweka kitu, mmoja wenu akiwa na Premium basi rafiki zake anaowachukua kwenye kikundi wanaingia naye kwenye mapu zile bila kununua. Halafu 2018 Battlefield V ikaja bila Premium kabisa. Call of Duty nao 2019 wakaacha kuuza mapu. Hawakufanya kwa huruma, ni kwamba mapu ya kuuza iliwaua wachezaji wakabaki kupigana na hewa.

PediMbovu

Waalaykum salaam sheikh. Kumbe hiyo ya rafiki mmoja kununua wengine wakaingia naye iliwezekana?? Sasa kwanini hawa wangu wasifanye hivyo, wawili wetu si wameshanunua.

kodi_na_ugali

Hilo naweza kulijibu kidogo, natengeneza gemu za simu, ndogondogo, Arusha hapa, siyo hizo kubwa ila mabomba ni yaleyale.

Kwanza la bando. Unashushiwa ekspansheni hata kama hujanunua kwa sababu mtu aliyenunua akija kwenye mechi yenu na bunduki mpya lazima kompyuta yako iijue ile bunduki inafananaje, inaliaje, inaua vipi. Ukikosa hayo mafaili utaona mtu ameshika hewa. Na pia kuwa na toleo moja kwa kila mtu ni rahisi kuliko kutunza mawili. Kiufundi ina mantiki kabisa. Ila wanaopanga hivyo wanakaa sehemu ambazo intaneti ya nyumbani haihesabiwi giga, hawajui kuna mtu giga 48 kwake ni hela ya mboga wiki nzima. Hawakuoni. Siyo ubaya, ni kutokuona, ila maumivu yake ni yaleyale.

La kupandisha levo ya mishen ya zamani. Hapo mara nyingi kinachofikiriwa ni hivi: aliyenunua ekspansheni amekuwa na nguvu zaidi, mishen iliyokuwa ngumu sasa kwake ni mchezo wa kitoto, atachoka aondoke. Kwa hiyo unaipandisha. Njia sahihi ni kuwa na matoleo mawili ya mishen ileile, la zamani na la juu. Hiyo inataka kupimwa mara mbili, kila apdeti mara mbili, na bosi wa hela anauliza hao wasiolipa wanatuingizia nini. Unaona kikao kinavyoisha.

Kuhusu mmoja kununua wengine kuingia, inawezekana na inafanyika hadi leo. Gemu za Paradox, hizi za kutawala nchi kama Hearts of Iron 4 na Europa Universalis 4, mwenyeji wa mechi akiwa na DLC, yaani nyongeza za kulipia, basi wote aliowaalika wanaitumia mechi hiyo. Wana DLC nyingi kiasi kwamba ukizijumlisha bei unaweza kuzimia, lakini kikundi kinahitaji tajiri mmoja tu. Age of Empires 2 ile mpya nayo, staarabu mpya, yaani mataifa ya kuchezea, zinauzwa, wewe ambaye hujanunua huwezi kuzichagua ila unacheza mechi ileile na aliyenunua, hamtenganishwi. Kwa hiyo mkuu siyo kwamba teknolojia imegoma. Kuna mtu aliamua marafiki wakutenge ili uone aibu ununue. Sisi tuliomo humu tunalijua hilo, rafiki yako ndo tangazo bora kuliko yote.

levo90_dada

Hiyo sentensi ya mwisho ungeianza nayo.

Mangi wa Seva

kodi_na_ugali asante kwa ukweli, lakini malizia basi. Waambie mapu za kulipia zilipoondoka kilikuja nini.

kodi_na_ugali

Haha. Sawa. Zilikuja sanduku za bahati nasibu. Star Wars Battlefront 2, Novemba 2017, mapu zote bure kwa kila mtu, watu wakashangilia, kisha wakagundua ukitaka kumcheza Darth Vader unatakiwa ukusanye krediti 60,000, masaa na masaa ya kucheza, na pembeni kuna sanduku za kununua zenye kadi za kukuongezea nguvu. EA, wenye gemu, waliandika maelezo pale Reddit yakapigwa kura za chini zaidi ya laki sita, ni rekodi ya Guinness hiyo. Bei ya Vader ikashushwa hadi 15,000 na usiku wa kuamkia gemu kutoka wakazima mauzo yote ya ndani. Ubelgiji 2018 wakasema sanduku za namna hiyo ni kamari.

Na Overwatch 2, ilipokuja 2022 ilikuwa bure kuingia, ila shujaa mpya yuko ndani ya pasi ya msimu, ukilipa unampata siku hiyohiyo, usipolipa upande ngazi nyingi. Kwenye mechi za ushindani shujaa ni silaha siyo pambo. Imechukua hadi Aprili 2024 ndo mashujaa wote wakawa bure. Kwa hiyo ndiyo, hela inatafuta mlango mwingine siku zote.

chizi_wa_ranki

kwa hiyo tunachagua tu tunyongwe na kamba ya rangi gani

Msee wa Rongai

Na tusisahau, hata aliyelipa hakusalimika. Narudi Destiny 2 tena sababu hiyo gemu ni shule. November 2020 walipotoa Beyond Light waliondoa ndani ya gemu kampeni nzima ya mwanzo, ile yenye watu walinunua 2017, pamoja na Mars, Io, Titan, Mercury na hiyo Leviathan niliyowaambia. Curse of Osiris yenyewe ikaenda nayo! February 2022 ikafuata kampeni ya Forsaken, nayo ilikuwa imeuzwa kwa doo za watu. Sababu waliyotoa ni gemu imekuwa kubwa mno, inajaza diski na inawashinda kuitunza, na ni kweli ilikuwa nzito. Lakini fikiria msee alilipa dola 60 mwaka wa kwanza, akalipa ekspansheni ili asifungiwe, halafu miaka mitatu baadae vyote viwili havipo. PediMbovu alifungiwa mlango, huyu wa pili nyumba imebebwa.

Mangi wa Seva

Hapo sasa ndo nilitaka mfike. Kisheria hukununua gemu, ulinunua ruhusa ya kuitumia. Yale maandishi marefu unayobonyeza "nakubali" bila kusoma ndo yanasema hivyo. Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, toka Oktoba 2024 wanakuandikia kabisa kwenye kapu kabla hujalipa kwamba unapata leseni, na California wana sheria iliyoanza 2025 inayolazimisha maduka yaseme hivyo waziwazi. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilizimwa seva Machi 2024, watu wenye diski mkononi zikageuka sahani. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo ilivyo, mkilipa mjue mnalipia nini.

Bin Forodhani

Mangi, hilo la leseni nakubali, lakini tulipeleke taratibu. Mtu akikukodisha baiskeli kwa mwaka mzima umelipa, mwezi wa sita hawezi kuja kuchomoa gurudumu la nyuma akakwambia soma karatasi. Karatasi inaweza kuwa inamruhusu na bado ukamwita mwizi mtaani, na mtaa mzima ukakuunga mkono. Sheria ni kitu chengine.

Mie kwangu ni kama kile king'amuzi. Umelipia kifurushi chako kwa sababu kina mpira. Katikati ya msimu chaneli ya mpira inahamishiwa kifurushi cha juu. Hujapokonywa king'amuzi, taa inawaka, katuni zipo. Lakini wewe ulilipia katuni?

PediMbovu

Sheikh hapo kwenye king'amuzi umemaliza, maana hata hilo lishanikuta 😅

Mangi wa Seva

Basi kwa king'amuzi nimeshindwa, sibishi. Hilo liliniuma hata mimi.

chizi_wa_ranki

Mangi kashindwa kwenye mpira, piga skrinishoti wadau

levo90_dada

Kwangu mstari uko hapa na naomba niuandike bila kupinda. Uza sehemu mpya, uza stori mpya, uza hata aina mpya ya mhusika. Usiguse kilichouzwa jana, usiweke nguvu ya ushindani nyuma ya pochi, na usiwatenganishe watu waliokuja pamoja. Hilo la tatu ndo nalipigania kuliko yote, maana gemu ya onlaini bila watu wako ni kazi ya ofisini tu. Mimi nililipiwa ekspansheni na shoga yangu mara moja, alisema amechoka kucheza peke yake. Nilimrudishia kwa awamu tatu kwa M-Pesa. Ni vizuri, ila nilijisikia vibaya, kama nimekuwa mzigo wake kwa kosa lisilo langu.

kodi_na_ugali

Na tuongeze bei. Duka la Steam halina bei ya shilingi, si yetu si ya Kenya, ni dola. Brazil wana bei yao, India wana yao, Afrika Kusini wana randi. Sisi tunapewa dola tukaitafutie kadi ya mtandaoni huko, na shilingi ikishuka gemu inapanda bei bila wao kugusa kitu. Ile laki na ushee yako PediMbovu ni dola 40 sawasawa na ya yule wa Texas.

Msee wa Rongai

Huyo wa Texas analipa hiyo akitoka kununua lanchi. Sisi hiyo ni rent ya mtu.

PediMbovu

Wakuu nimesoma zote, asanteni, hata wewe Mangi. Niwape mrejesho.

Jana usiku tulikaa kwenye simu wote wanne. Nikawaeleza mliyoyasema humu, hadi la mtaa kuhamwa. Wa Dodoma akasema basi Jumamosi moja moja tushuke wote tucheze vya zamani vilivyobaki wazi, hana shida. Wa Mwanza akagoma. Kwa sauti ya kawaida tu, hakufoka, akasema "mimi nimelipa laki nzima, nirudi kukaa palepale tulipokuwa?" Nikataka kumjibu nikakosa neno, maana na yeye hela yake ni hela. Alikuwa ananunua afurahi, siyo atutenge, hakujua kama mimi sikujua. Tukakaa kimya kama dakika hivi, hiyo haijawahi kututokea kwenye hedseti hata siku moja. Wa Tanga akaanza kuongelea mvua.

Wa Dodoma akajitolea kunilipia. Nimekataa. Dada levo90 umenisaidia kukataa. Nitanunua ada zikiisha, au zikikosa kuisha sitanunua.

levo90_dada

Huyo wa Mwanza msimnunie, na yeye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Jumamosi hii mnaingia wangapi?

PediMbovu

Wawili. Mimi na wa Tanga. Mishen zilizobaki wazi nazo zinataka watu wanne, tutaokoteza wengine hukohuko seva, kama wapo.

chizi_wa_ranki

saa tatu si ndio? nitumie jina la akaunti inboksi. nami sijanunua